Utabiri wa Saa Nne

Kila siku ya kazi, ikifika saa nne kasoro dakika tano asubuhi, nilikuwa naacha chochote nilichoshika, nafunga mlango wa ofisi, napangusa meza isiyo na vumbi, kisha nakaa karibu na simu ya mezani nikijifanya nasoma. Saa nne kamili simu inalia. Naiacha ilie mara mbili, kwa sababu mwanamke wa miaka arobaini na tisa hapaswi kuonekana ameikalia simu kama kuku na mayai.

"Mtabiri," sauti inasema.

"Fundi."

"Umeamkaje?"

"Salama. Nipe vipimo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu, kama yalikuwa mapenzi. Mtu mwingine angesikia mambo ya kazi tu, na mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima kusikia kitu kingine humo ndani. Nilipokisikia nilijikasirikia wiki nzima, halafu nikaanza kupangusa meza.

Afadhali nieleze kazi yenyewe mapema, nisije nikadhaniwa nilikuwa napiga ramli. Fundi alikuwa na leza kubwa ndani ya ukumbi usio na madirisha, katika mji ulio mbali na wetu mwendo wa siku nzima kwa basi. Kazi yake ilikuwa kupiga mwale mmoja wa mwanga, mfupi kiasi kwamba kupepesa jicho kando yake ni safari ndefu, ndani ya gesi inayopulizwa na bomba dogo. Mwale ukiingia, gesi inachanika kuwa plazma. Elektroni zinaachana na atomu zake na kurushwa pembeni, kama gari la kasi linavyorusha maji ya dimbwi. Nyuma ya mwale linabaki povu tupu, na elektroni chache zenye bahati zinaangukia kwenye mkia wa povu hilo na kuburutwa mbele kwa nguvu za ajabu. Ndani ya milimita mbili tatu zinapata nishati ambayo mashine za kizamani huhitaji jengo zima kuitoa. Tukifanikiwa, alikuwa akisema Fundi, siku moja hospitali ndogo itakuwa na mashine ya kutibu saratani ndani ya chumba cha kawaida, na mgonjwa hatasafiri kwenda kufa mbali na watu wake. Mke wake alisafiri. Alilisema hilo mara moja tu, nami sikumuuliza zaidi.

Kazi yangu ilikuwa uigaji, yaani kufanya hayo yote ndani ya kompyuta, bila gesi wala mwanga. Naigawa nafasi katika vijumba mamilioni, najaza chembe, naipa kompyuta sheria za umeme na sumaku, kisha naiacha itembee hatua kwa hatua. Kompyuta yenyewe, ingawa inajaza chumba kizima na kupiga kelele kama mashine ya kusaga, haina kumbukumbu ya kubeba njia yote. Kwa hiyo tunautazama mwale kupitia dirisha linalosogea nao. Kinachobaki nyuma ya dirisha kinafutwa. Kazini sijawahi kukisikitikia.

Fundi ndiye aliyeanzisha desturi ya saa nne. Kabla ya kupiga mwale wa kwanza wa siku, ananipa vipimo vitatu: mgandamizo wa gesi, nguvu ya mwale, na mahali alipoukusanya mwanga. Mimi namtajia namba, yaani elektroni zitatoka na nishati kiasi gani. Anaiandika ubaoni kwa chaki, ndipo anapiga. Chini ya namba yangu anaandika yake, na hakuna anayeruhusiwa kufuta mpaka kesho.

"Nyinyi watu wa kompyuta," aliniambia siku ya kwanza, "mnatabiri mvua mkiwa mmeshalowa. Hapa utasema kabla ya wingu."

"Na nisipojua?"

"Mtabiri hasemi sijui. Akisema sijui, atafute kazi nyingine."

Nikacheka, na kuanzia siku hiyo nikawa Mtabiri. Sijawahi kusema sijui hata siku moja, na ndipo matatizo yalipoanzia.

Kwa maana namba zetu hazikupatana. Mimi nasema mia mbili arobaini, mashine yake inatoa mia moja hamsini. Akibadilisha gesi, nami nabadilisha, na pengo liko palepale kama jino lililong'oka. Mwaka wa kwanza tulisema ni mwanzo mgumu. Mwaka wa pili Mkuu wa idara yangu, mtu mpole anayependa majedwali kuliko chakula, alianza kuniuliza kila Jumatatu: "Vipi, bado hamjaelewana na mwenzako?" Kule kwa Fundi walikuwa wakali zaidi. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umepita, wakamwongezea muda kwa sharti moja: namba zikishapatana na sababu ikajulikana, ripoti inafungwa na yeye anakwenda zake. Mradi ungehamia kwa vijana.

Nami siku moja moja, baada ya kukata simu, nilikuwa najikuta naomba pengo lisizibike. Nilidhani ni mzaha wangu na nafsi yangu.

Sikuwahi kumwona. Niliijua sauti yake, iliyokuwa na mkwaruzo asubuhi na kulainika adhuhuri alipopiga mara ya pili kunipa matokeo. Niliujua mkono wake pia. Alinitumia picha ya bomba jipya la gesi, na ili nijue udogo wake akaweka kidole cha shahada pembeni. Kidole kinene, ukucha umekatwa vizuri, na kovu la kuungua karibu na kiungo cha kwanza. Bomba lile nililipima nikamaliza siku hiyohiyo. Picha niliiacha kwenye kompyuta yangu miaka miwili, na ukiniuliza nitasema ni kwa ajili ya bomba.

Nyumbani naishi na mama yangu. Ni fundi cherehani, ana miaka sabini na mitano, na anasikia anachotaka kusikia. Nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, anauliza: "Huyo wako wa saa nne hajambo?"

"Si wangu, mama."

"Haya. Huyo asiye wako wa saa nne hajambo?"

Mwaka wa tatu, binti yake Fundi alijifungua mtoto wa kiume. Binti huyo ni mtoto wake wa pekee, na anaishi mbali zaidi, ng'ambo ya milima. Asubuhi ile Fundi hakunipa vipimo vyovyote kwa dakika kumi nzima. Alinieleza uzito wa mtoto, masikio ya mtoto, jinsi binti yake alivyomlilia kwenye simu kwamba ameshamwandalia chumba, aende akae nao moja kwa moja.

"Nitakwenda," alisema. "Nikilipata tu hili jibu, nakata tiketi siku hiyohiyo. Siwezi kuacha mashine nyuma yangu inaitwa mbovu. Nitamtazamaje mjukuu?"

"Hongera, babu," nilisema.

"Babu!" Akacheka kicheko kirefu. "Umenizeesha kwa neno moja, Mtabiri."

Baada ya hapo nilikaa na mkono juu ya simu iliyokatwa, na nilichokisikia moyoni hakikuwa furaha. Naliandika kama lilivyo.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa na mteja, jirani yetu mnene mwenye maneno mengi, aliyekuja kujaribu gauni. Bega linavuta. Mama alikuwa ameshafumua na kushona mara tatu, na bado linavuta. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, nashikilia pindo. Mama akarudi nyuma, akamtazama jirani, akakitazama kile kikaratasi cha vipimo ambacho jirani mwenyewe alikileta.

"Hivi vipimo ulivipata wapi?"

"Si vya kwangu?" jirani akasema. "Vya gauni la harusi yangu."

"Harusi yako ya lini?"

Jirani akataja mwaka. Mama akaitupa chaki chini. "Huyo mwanamke wa kwenye karatasi, gauni linamkaa vizuri sana! Wewe ndiye sikukupima!"

Wakacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilibaki nimepiga magoti na pini mdomoni, kwa sababu nilikumbuka barua pepe moja.

Jumatatu niliitafuta. Ilikuwa ya mwezi wetu wa kwanza. Fundi alikuwa amenitumia picha ya doa, yaani picha ya mwanga wake pale unapokusanyika, iliyopigwa kwa kamera. Ameandika mstari mmoja tu: "Doa langu si zuri, usinicheke." Kweli halikuwa zuri. Lilikuwa limepinda kama kiazi, na pembeni limezungukwa na ukungu wa mwanga uliopotea njia. Siku ile nililitazama nikatabasamu, nikasema nitalitumia baadaye. Kwa uigaji wa kwanza niliweka doa la kitabuni, la duara, lililong'aa katikati na kufifia pande zote sawasawa. Nilitaka kuona tu kama programu inatembea. Halafu ile baadaye haikufika. Mamia ya uigaji niliyofanya kwa miaka mitatu, kila mmoja niliunakili kutoka kwa uliotangulia, na doa zuri la kitabuni likaendelea kurithiwa kama jina la ukoo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Niliweka doa lake. Uigaji ulitembea siku nne. Niliuona mwale wake halisi ukiingia kwenye gesi, nusu ya nguvu yake ikiwa pembeni inazurura, povu likijikunja dogo na la upande, elektroni zikichelewa kuingia na kuburutwa kwa unyonge. Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi kompyuta ilinipa namba. Mia moja hamsini na mbili.

Miaka mitatu. Niliinuka, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumwita Mkuu. Zaidi ya yote nilitaka saa nne ifike nimwambie. Kisha nikaona jinsi itakavyokuwa: atacheka kile kicheko chake, ataandika ripoti, atakata tiketi. Na Jumatatu ya baada ya hapo, saa nne itafika kama saa tano.

Simu ililia. Niliiacha ilie mara mbili.

"Mtabiri."

"Fundi."

Alinipa vipimo. Akanieleza kwamba binti yake ameuliza tena. Akasema, "Haya, leo unasemaje?"

"Mia mbili arobaini na moja," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na wiki saba.

Sikukusudia wiki saba. Nilikusudia mwisho wa wiki tu, niizoee habari mwenyewe. Jumatatu nikasema Jumatano. Jumatano alikuwa na mafua, sauti imeshuka kama ya mtu aliyelala karibu, nikasema siwezi kumwambia mtu mgonjwa. Kila uongo ulikuwa na sababu yake nzuri, na sababu zote zilikuwa moja. Nilikuwa namtamkia namba ambayo najua ni ya uongo, naye anaiandika ubaoni kwa chaki, anapiga, anaona mia moja hamsini, na anaamini mwenye kosa ni yeye.

Alilifungua bomba akalisafisha. Akabadilisha kioo. Akalifungua bomba tena. Wiki ya tano aliniambia amelifungua mara nne na sasa amelala ukumbini siku mbili kwenye kiti, anatafuta uvujaji wa gesi. Mimi nikamwambia apumzike. Nilimwambia kwa upole, na upole huo ukinijia sasa nataka kujificha chini ya meza.

"Unajua ninachofikiri?" alisema siku moja. "Labda mikono imezeeka. Labda naweka vitu milimita moja pembeni na sioni."

Niliitazama ile picha ya kidole. Kinywa changu kilikuwa wazi na maneno yalikuwa palepale ulimini.

"Usiseme hivyo," nilisema, na nikaishia hapo.

Jioni ile mama aliniona sijala. Alizima cherehani. "Amefanya nini, huyo wa saa nne?"

"Yeye hajafanya kitu. Mimi ndiye."

Nikamweleza. Sikueleza plazma, nilieleza tu kwamba ninacho kitu anachokitafuta, nimekificha, na akikipata ataondoka. Nilitegemea atanigombeza. Alikuwa anachambua vifungo kwenye kopo, akaendelea kuchambua.

"Mimi niliwahi kuchelewesha suruali ya mteja makusudi," alisema. "Kabla ya baba yako. Alikuwa mcheshi yule, acha tu. Kila akija namwambia bado pindo. Mwezi na nusu."

"Ikawaje?"

"Ikawa alipoivaa haikumwingia. Alikuwa ameshanenepa kwa mwingine." Akalifunga kopo. "Kula, chakula kinapoa."

Nililala bila kuamua. Asubuhi nilikwenda kazini bila kuamua. Saa nne simu ililia, nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, naye hakusema Mtabiri.

"Jana mtoto amecheka," alisema. "Si kile cha usingizini, hapana. Binti yangu anasema amemtazama machoni, akacheka. Mara ya kwanza. Amenipigia anisikilizishe, lakini mtoto hakurudia tena. Haya. Vipimo."

"Fundi, subiri."

"Kuna nini?"

"Bomba lako halina kosa. Kioo hakina kosa. Mikono yako haina kosa." Niliikaza sauti kama mtu anayegombana. "Andika ubaoni mia moja hamsini na tatu. Kisha piga. Usikate simu."

Hakuuliza. Nilimsikia akiweka simu mezani, nikasikia chaki. Kwa miaka mitatu sikuwahi kuwa kwenye simu wakati wa mwale. Nilitegemea kishindo. Kilikuja king'ora kifupi cha tahadhari, pampu zikavuma, halafu mlio mdogo kama wa mtu anayevunja kijiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu yote.

Nyayo zikarudi. "Mia moja hamsini na moja," alisema. Kisha tena, taratibu: "Mia moja hamsini na moja!" Akaanza kucheka. Ah, kicheko kile. "Mtabiri! Umefanya nini? Ilikuwa nini?"

"Doa lako. Ulinitumia tangu mwanzo, nami sikuliweka. Nilikuwa natumia la kitabuni. Kosa ni langu mwanzo hadi mwisho."

"La kitabuni!" Alikuwa bado anacheka. "Miaka mitatu unapiga hesabu za leza ya mtu mwingine! Nilikuambia doa langu si zuri. Aisee. Umelipata lini, jana?"

Mlango huo aliufungua mwenyewe, kwa wema wake. Ningesema ndiyo. Neno moja, na angeondoka ananipenda.

"Wiki saba zilizopita," nikasema.

Kicheko kiliisha taratibu, kama pampu iliyozimwa. Nilisikia mtu mwingine kule ukumbini anapiga mluzi kwa furaha, anasoma ubao.

"Wiki saba," alisema.

"Ndiyo."

"Nimefungua bomba mara sita."

"Najua."

"Nimekwambia mikono yangu imezeeka. Ukaniambia nisiseme hivyo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa ajili ya swali hilo, ya kiufundi na ya heshima. Niliyaacha yote. "Kwa sababu ukipata jibu, hutapiga tena saa nne."

Nilidhani ameweka simu chini.

"Ungeniambia," alisema mwishowe. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Ungeniambia tu hivyo. Ningepiga."

Akakata.

Adhuhuri hakupiga kunipa matokeo, kwa kuwa matokeo nilikuwa nayo. Ripoti ilikuja kwa barua pepe, kurasa kumi na nne, imeandikwa vizuri, na mahali pa kutaja chanzo cha kosa aliandika "tofauti ya umbo la doa" bila kutaja ni la nani. Nilirudisha ripoti nikiwa nimeongeza kwa mkono wangu: kosa lilikuwa la upande wa uigaji, na lilijulikana wiki saba kabla ya kutolewa taarifa. Mkuu aliniita akauliza kama ile sehemu ya pili ilikuwa ya lazima. Nikamwambia ndiyo. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema kwamba majedwali ni mazuri sana, akanipa barua ya onyo, na siku hiyohiyo akanipongeza mbele ya watu.

Saa nne ikaendelea kufika. Nilijua atakuwa ameshasafiri, nilijua ameshakabidhi ukumbi, na bado ikifika kasoro dakika tano mkono wangu unakwenda kwenye kitambaa cha kupangusa meza. Siku ya kwanza nilitoka nje ya jengo, nikasimama karibu na matangi ya kupozea kompyuta mpaka ikawa saa nne na robo. Siku ya tatu simu ililia kweli, saa nne na dakika moja, nikagonga goti kwenye meza nikiikimbilia. Alikuwa mtu wa stoo anauliza habari za karatasi. Nilimjibu vibaya, maskini, kisha nikampigia kumwomba radhi.

Nilifuta picha ya bomba. Nikairudisha. Niliendesha tena uigaji wa doa lake, wala hakuna aliyeuhitaji, ili tu nilione lile povu dogo la upande likijikokota. Nilikuwa nimeanza kulipenda kuliko la duara. Uigaji ulipoisha, nikauendesha tena.

Siku ya kumi na moja ilikuwa sikukuu, sikwenda kazini. Mama alikuwa mezani anakata kitambaa. Ilipofika saa nne nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikitazama ukuta.

"Unamsubiri nani?" mama akauliza.

"Simsubiri mtu."

"Yeye alikupigia miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na wewe ulimpigia mara ngapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba ratiba ya leza ilikuwa ya upande wake, kwamba haikuwa kawaida mimi kupiga, kwamba nilikuwa na namba ya ukumbi tu. Lakini namba yake ya mkononi ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, nami nilikuwa naijua kwa moyo tangu siku ilipofika.

"Hata mara moja," nikasema.

"Vidole unavyo," mama akasema, na mkasi wake ukaendelea kula kitambaa.

Nilikwenda kupiga nikiwa jikoni, nimegeuzia mlango mgongo kama msichana. Ililia mara sita. Akapokea mwanamke.

"Haloo?"

Nikakaribia kukata. "Samahani. Naomba kuongea na... baba yako. Kama yupo."

"Yupo. Ni nani anaongea, mama?"

Jina langu la kwenye kitambulisho hajawahi kulitumia hata siku moja. "Mwambie ni Mtabiri."

"Aa!" alisema, na mara nikasikia anahema, anatembea haraka, mlango unagongwa. "Baba! Baba, toka!" Kisha kwangu, sauti ya chini: "Alisema wewe ukipiga, tumwite hata akiwa bafuni. Sasa ndiko aliko kweli. Usikate, tafadhali."

Sikukata. Nilisikia maji yakifungwa. Nilisikia vyombo, na redio ya mtu, na mahali fulani ndani ya nyumba ile nisiyoijua nikasikia sauti ndogo ya mtoto akiongea na dari. Nilishikilia ukingo wa meza ya jikoni.

"Haloo," alisema. Mkwaruzo wa asubuhi ulikuwepo.

"Fundi."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nimekasirika sana. Nataka ujue."

"Najua, Fundi."

Alivuta pumzi. Nilimsikia akikaa juu ya kitu kilicholalamika, labda kitanda. Sikuwa na mgandamizo wa gesi, wala nguvu ya mwale, wala jedwali lolote mbele yangu. Kulikuwa na sufuria ya jana na simu yenye jasho.

"Ni saa nne," alisema.

"Ndiyo."

"Haya. Sisi hawa tunakwenda wapi? Leo unasemaje, Mtabiri?"

"Sijui," nikasema.